Tawi Lililolazwa Njiani Kwangu

Wewe uliyeambiwa wiki hii, ukatoka kwa daktari umekunja karatasi ndani ya kanga na hujui uanze kumwambia nani, kaa kwanza. Kunywa chai yako. Mimi nimeyapita hayo, na ninayaandika kama yalivyokuwa ili yakikufikia usidhani uko peke yako. Shule nilifika darasa la nne tu, hapa hapa Daa, kwa mwalimu Yohani, kwa hiyo mwandiko wangu utauvumilia. Ila majina ya watu sisahau. Nitakutajia waliokaa na mimi kwenye benchi, maana wengine hawapo tena kujitaja wenyewe.

Ugonjwa wangu unaitwa saratani ya matezi. Unavyoingia mwilini sijui, na waliojaribu kunieleza niliwaitikia tu. Ninachokijua ni benchi, dripu, na njia ya kutoka kwangu kwenda kwenye maji.

Nianze na maji, kwa sababu bila hayo hutaelewa kwa nini nilipougua majirani hawakuja kuniona.

Juu ya kitongoji chetu kuna shamba la kampuni. Wanalima maua na mbegu ndani ya mabanda makubwa ya plastiki, na sisi tunapaita Nailoni. Walipokuja walivuta chemchemi yetu kwa bomba lao, wakatuachia jicho dogo la maji pembeni, ambalo wakati wa kiangazi unatega dumu, unakaa, unachambua maharage ya chakula cha mchana, na dumu bado. Chini ya jicho hilo mfereji wa Nailoni unamwaga kwenye kijito. Siku wakipiga dawa, kijito kinanuka kama duka la pembejeo. Nyuki wa mzee Tluway waliondoka wote. Ng'ombe wa Veronika walitupa mimba. Watoto wanaochezea maji wakawa na mikono ya magamba kama ya wazee.

Tulikwenda ofisi ya kijiji, tukaenda ya kata, tukaenda hadi Karatu mjini. Aliyetuongoza ni Paulina, mama wa Safari, rafiki yangu tangu usichana. Tuliolewa msimu mmoja. Kijana mmoja wa ofisini alikuja, akachota maji kwenye chupa ya soda, akasema majibu yatakuja.

"Yatakuja kwa miguu au kwa gari?" Paulina akamwuliza.

Kijana akacheka, akaondoka na chupa yake. Majibu hayajaja.

Ndipo tukakaa akina mama peke yetu kwenye banda la kanisa, baada ya ibada ya katikati ya wiki. Wengine walitaka tuandamane, wengine waliogopa kukamatwa na kuacha watoto. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote pale, na nikakumbuka metimani.

Kwetu Wairaqw, zamani, nyumba iliyopatwa na uchafu, tuseme imefiwa na mtoto mchanga, ilitengwa. Watu wake hawakuchota maji na wenzao. Walichota chini, wengine wakiwa juu. Hawakupeana moto na jirani, hawakushikana mikono na mtu, hawakula kwa mtu. Aliyeingia kwao alitoka na uchafu wao, naye akatengwa na nyumba yake yote. Tawi bichi lililazwa njiani ili mpitaji ajue. Ikawa hivyo hadi wazee waje kuisafisha. Hiyo ndiyo metimani. Niliiona nyumba ya bibi yangu ikitengwa nikiwa mdogo. Siku hizi watu wa dini hawapendi hata kuisikia, lakini siku ile hakuna aliyeninyamazisha.

Nikasema, "Kuifunga Nailoni hatuwezi. Kuitenga tunaweza. Ni nyumba ya uchafu ile. Asiende mtu kufanya kazi, asiwauzie mtu maziwa, asipokee mtu mkono wao."

"Na atakayeingia?" Veronika akauliza.

"Atakuwa amebeba uchafu wao. Tawi linalazwa kwake kama zamani."

"Hata akiwa mtoto wa mtu hapa?"

"Hata akiwa wa kwangu," nikasema.

Maana wa kwangu alikuwepo. Mwanangu Bura alikuwa mpiga dawa kule, anabeba bomba mgongoni kutwa nzima. Ovaroli zake nilizifua mimi kwenye beseni, kwa sababu mkewe Felista alikuwa mjamzito na harufu ilimtapisha. Niliporudi kutoka kanisani nikamweleza. Alivua buti akazigonga ukutani.

"Ayo," akaniambia, ndivyo tunavyomwita mama, "yaani mmenifukuza kazi huko kwenye kwaya yenu?"

"Tumekufukuza."

"Haya. Basi nipe mbegu za mbaazi nikalime."

Vijana wetu walitoka kule karibu wote. Msimu ule mabanda ya Nailoni yalikuwa kimya, maua yakachanua hadi yakazeeka bila mtu wa kuyakata. Akaja afisa utumishi wao, Bwana Shirima, mtu wa Kilimanjaro, mpole, amevaa sweta. Alikuja na kreti za soda kwenye gari. Akamnyooshea Paulina mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Simama hapo hapo." Paulina alikuwa amefumbata mikono kwapani.

"Nimewaletea soda, tuongee."

"Rudi nazo. Sisi tumezoea kinywaji chenu kile cha mferejini."

Akina mama walicheka hadi wakashikana mabega. Shirima akabaki na mkono wake hewani, kisha akaurudisha taratibu mfukoni. Tulidhani tumeshinda. Mimi nilitembea siku zile kama msichana.

Uvimbe niliuona tukivuna mbaazi. Ulikuwa shingoni, chini ya sikio, mdogo kama punje ile ile niliyokuwa nayo mkononi. Sikumwambia mtu. Tulipomaliza kupura ulikuwa kama yai la njiwa, na mwingine umeota kwapani. Nguo zikaanza kunipwaya. Nilikuwa naamka kanga imelowa jasho kama nimenyeshewa, na hapa kwetu asubuhi ni baridi ya kuwasha moto. Felista ndiye aliyeniona nikijifunga kitambaa, akaniambia, "Mama, hiyo siyo ya kufunika." Tukaenda hospitali ya Karatu. Wakakata kinyama shingoni wakakituma. Nakuonya kuhusu kusubiri kile kinyama: ndiko kubaya kuliko dripu. Unapika, unakoroga, unasahau chumvi. Watu wanakusalimia nawe unawajibu mambo ya jana.

Majibu yalipokuja nikapelekwa Moshi, hospitali kubwa. Dozi sita, daktari akasema, kila baada ya wiki tatu, na usiruke. Daktari kijana, anaitwa Mushi, mikono yake ya moto. Nikamwuliza kama kilichoniletea ugonjwa ni ile dawa ya kwenye maji, au ile ya kwenye ovaroli. Aliangalia dirishani.

"Bibi, siwezi kusema."

"Huwezi kwa sababu hujui, au huwezi?"

"Sijui, bibi. Kweli sijui."

Nikamwamini. Lakini nilitaka mtu mmoja aniambie.

Tukaenda dirisha la malipo na kadi ya bima. Nilikuwa nayo kupitia kazi ya Bura, aliniandikisha mimi pamoja na mkewe. Binti wa pale aliipitisha, akaipitisha tena, akaifuta kwenye gauni lake.

"Haisomi, bibi. Mwajiriwa ameondolewa."

"Ameondolewa na nani?"

"Mimi naona hapa ameondolewa tu."

Bura alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikugeuka kumtazama. Tulikaa kwenye ukuta wa nje tukala ndizi. Yeye ndiye aliyeanza. "Nikirudi kwa Shirima atanipokea. Wapiga dawa hawana." Nikamwambia, "Usirudi." Akasema, "Ayo, tuna ng'ombe gani wa kukutibu?" Nikasema tena usirudi, ila kwa sauti ndogo zaidi, na mara ya tatu sikusema. Nataka ujue hivyo, wewe unayesoma. Watu watakusimulia ushujaa wa wagonjwa. Mimi nilitaka kuishi.

Bura alirudi Nailoni mwanzoni mwa wiki, na kadi ikachelewa kufunguka hadi mvua za kupandia. Shirima alinishughulikia mwenyewe. Alipiga simu, akafuatilia, akamwambia Bura, "Mwambie mama asiwe na hofu, sisi siyo watu wabaya." Labda siyo. Mpaka leo sijui nimweke wapi.

Paulina alikuja siku hiyo hiyo Bura aliporudi. Hakuingia. Alisimama mwanzo wa njia yangu na tawi bichi mkononi, na Veronika nyuma yake akitazama chini.

"Mama Bura, habari za mwili?"

"Mwili upo."

"Bura ameingia kule."

"Ameingia."

"Wewe ndiye uliyetufundisha," akasema. "Nikiacha kwako, kesho mwingine atasema na mimi mwanangu ana shida. Wote wana shida."

"Laza," nikamwambia. "Usilaze hapo, ng'ombe watalila. Sogeza huku kwenye jiwe."

Akalisogeza. Tulikuwa tukiongea kama watu wanaopanga mahali pa kuweka kuni. Alipoondoka niliona anajifuta uso kwa mgongo wa mkono, naye alikuwa mwanamke asiyelia hata misibani.

Dozi ya kwanza nilipata watu wakipalilia mahindi. Chumba kina viti vya kulalia, na dirisha linaloona mlima siku ukitaka kuonekana. Nesi wetu ni Aikaeli, mnene, anaongea na mishipa ya mikono kama mtu anayeita kuku. Kuna dripu moja nyekundu kama juisi ya rozela. Ikishaingia, mkojo wako utakuwa mwekundu. Usishtuke kama mimi nilivyoshtuka nikaita watu chooni. Mdomo utakuwa na ladha ya msumari. Nenda na kikombe chako, soksi, na mafuta ya mgando ya kupaka midomo. Chai ya pale ni nzuri, ila itakunukia chuma.

Tulipomaliza Aikaeli akanipa masharti. "Bibi, damu yako itashuka. Usichangie kikombe na mtu. Usisalimiane kwa mikono. Usiende kanisani wala msibani. Maji safi tu, yaliyochemshwa. Wageni wakae nje."

"Nesi," nikamwambia, "hayo kwetu yana jina, na wameshanifanyia."

Hakuelewa, na mimi nilikuwa nimechoka kueleza.

Nywele zilidondoka kabla ya dozi ya pili, zote za upande wa mto kwanza. Kucha zikawa nyeusi. Miguu ikawa inawaka kama nimetembea kwenye majivu. Lakini kilichonishinda ni maji. Nyumba iliyotengwa inachota chini, ndiyo desturi, na niliisema mwenyewe kwenye banda la kanisa. Chini ndiko mfereji unakomwaga. Maji ya pale unaweza kuyachemsha hadi sufuria ikauke, harufu haitoki. Felista alikuwa anatembea hadi upande wa Ganako kwao kuchota, na mtoto mchanga mgongoni, anarudi jua limepanda, hasemi na mtu. Siku moja alitua dumu kwa nguvu hadi likapasuka.

"Ana anakaa dawati peke yake," akasema. Ana ni mjukuu wangu mkubwa. "Wenzake wanasema ana uchafu wa bibi. Mimi nimevumilia, mama. Lakini huyu ni mtoto."

"Chukua watoto uende kwenu," nikamwambia.

"Na wewe nani atakupikia?"

"Bura."

Tukatazamana. Bura alikuwa hajui hata kukoroga uji. Hapo tukacheka wote wawili, halafu akaenda kufunga nguo za watoto. Nyumba ikabaki na mimi na Bura. Alikuwa akivua nguo za kazi kwenye kibanda cha kuku na kuoga kabla hajaingia, na kuniwekea ugali mlangoni. Ulikuwa ugali mbaya sana. Niliula wote.

Sasa nani angechota maji? Bura alikuwa anatoka bado kuna ukungu. Nilianza kupanga mwenyewe jinsi ya kushuka kijitoni na kikombe. Ndipo asubuhi moja nikakuta dumu limejaa limewekwa kwenye jiwe, upande wa nje wa tawi. Maji ya jicho la juu, hayana harufu. Kifuniko kilikuwa gunzi la hindi lililoviringwa kitambaa cha kijani. Kitambaa kile nakijua. Tulinunua vitenge vile pamoja, mnadani, vya sare ya akina mama, na mimi cha kwangu ninacho. Anayeamka kutega kwenye jicho lile ili apate dumu la pili kabla wenzake hawajafika ameamka saa ambayo hata majogoo hawajawika. Nikamimina maji kwangu, nikarudisha dumu tupu kwenye jiwe. Kesho yake likawepo tena. Mchana Paulina alikuwa anapita barabarani anatazama mbele kama hanijui. Sikumtia aibu kwa kumshukuru.

Dozi ya tatu nilikaa na Naserian, wa Oloipiri, kule Loliondo. Yeye ugonjwa wake ulikuwa wa koo, alikuwa anameza maziwa tu. Shanga zake alizivua akazifunga kwenye kitambaa kwa sababu zilimwelemea shingo, na alizishika mkononi muda wote wa dripu. Alisikia wananiita bibi wa Karatu, akaniuliza kwetu kuna nini. Nikamweleza Nailoni.

"Kwenu wanatia dawa," akasema. "Kwetu wametia vigingi vya mpaka. Ng'ombe akivuka kigingi anakamatwa, yeye na mwenyewe."

"Mmefanyaje?"

"Tumekaa. Ninyi mmefanyaje?"

"Tumewatenga."

"Wakaondoka?"

"Hapana. Aliyetengwa ni mimi."

Alicheka, akakohoa, akacheka tena, hadi Aikaeli akaja kuangalia dripu kama imehama. Na mimi nikacheka. Tulikuwa na mzee Mosha pale, na Hadija wa Kondoa ambaye alikuwa hajafika miaka ya Felista, nao wakacheka bila kujua sababu. Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote za Moshi.

Dozi ya nne Naserian alikuwepo, hazungumzi. Ya tano kwenye kiti chake alikuwa amekaa mtu mwingine. Nikamwuliza Aikaeli, naye akanipa kijikombe cha vidonge akasema, "Meza kwanza, bibi." Nikajua. Hadija naye aliacha kuja kabla ya masika kwisha. Huyo wanasema alihamishiwa Dar. Nashika hilo.

Dozi ya tano ndiyo iliyoniangusha. Niliharisha, nikawa na vidonda hadi kooni, nikalala chini kwa sababu kitanda kilikuwa mbali. Bura alinikuta. Alinibeba kama gunia la mbegu, ananuka ile dawa yao maana hakuwa ameoga bado, na mimi nikawa natapika kwa sababu ya ile harufu, na sikuwa na nguvu ya kumwambia aniache. Alinipeleka hospitali kwa kadi ile ile. Nililala wodini nikimtazama ameshika kadi kwa vidole viwili ili asiichafue. Kinachoniua kilikuwa kinanilipia. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kushikia.

Ya sita niliipata kwenye baridi, ukungu umeshuka hadi mlangoni. Wakanipiga picha, wakanishika shingo. Daktari Mushi akasema ugonjwa hauonekani kwa sasa. Nikamwambia arudie, akarudia, "Kwa sasa, bibi." Kisha akasema nitakuwa narudi kila baada ya miezi mitatu, na nisiache. Aikaeli akanikumbatia, mara ya kwanza kukumbatiwa tangu tawi lilazwe kwangu. Nilinusa sabuni yake njia nzima hadi Makuyuni.

Nyumbani nikamtuma Bura kwa mzee Gwandu, ndiye anayejua kusafisha nyumba. Gwandu alisimama nje ya tawi akiegemea fimbo.

"Nikusafishe vipi, Mama Bura, na kijana kesho anaingia tena kule?"

"Akiacha, kadi inafungwa. Na mimi natakiwa kurudi Moshi."

"Basi subiri."

"Nisubiri nini, Ako?" nikamwuliza, ndivyo tunavyomwita mzee.

Ni mtu mkweli. "Sijui," akasema.

Tawi likabaki. Lilikuwa limekauka, na wakati huo Nailoni walikuwa wameshapata watu wa kutoka mbali, wanaletwa na malori, hawajui jicho la maji wala metimani. Maua yalikatwa kama kawaida. Kati yetu wengine walianza kuuza maziwa kwenye geti lao kwa kujificha, na Paulina alijua, akawa hana nguvu ya kukata matawi yote hayo. Dawa inapigwa. Mfereji unamwaga. Felista amerudi na watoto, anachota Ganako bado.

Mbaazi zikatoa maua tena. Nilikuwa nje naota jua, nywele zimeota laini kama za mtoto, nikamwona Paulina anakuja mchana, njia ya wazi. Akasimama kwenye jiwe. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kijani hadi chini ya kidevu, na hakukuwa na baridi.

"Mama Bura."

"Mama Safari. Simama hapo, nisikuambukize uchafu."

Alifungua kitambaa.

Niliuona kabla hajageuza shingo. Ulikuwa pale pale pa kwangu.

"Gusa," akasema.

"Siwezi kukugusa, nimetengwa. Wewe ndiye uliyelaza."

"Martha. Gusa."

Jina hilo hajaniita tangu tulipoolewa. Nikavuka tawi nikagusa. Ulikuwa mgumu kama jiwe, hausogei, kama wa kwangu ulivyokuwa. Tulikaa chini pale pale njiani, kila mtu aliyepita akituona.

"Tangu lini?"

"Tangu wakati nakuletea maji. Nilidhani ni dumu, nabebea upande mmoja." Akajifunga tena kitambaa. "Niambie. Nikishuka Moshi naingilia mlango upi?"

Nikamweleza mlango, na dirisha la kwanza, na kwamba asikubali kutolewa damu na kijana mmoja wa maabara, wa miwani. Nikamweleza kikombe na soksi. Alikuwa anarudia kila kitu kwa midomo bila sauti. Kisha tukafika kwenye kadi.

"Safari ana nguvu," akasema, akitazama barabara. "Mwambie Bura aongee na yule Shirima."

"Nitamwambia."

"Nilimwambia asimame hapo hapo, na soda zake."

"Amesahau."

"Hajasahau," Paulina akasema. "Atafurahi." Akachukua jani kavu la tawi langu, akalivunja vunja. "Na la kwangu nani atalilaza? Veronika hawezi, ataanza kulia barabarani."

"Nitalilaza mimi."

"Utaliweka wapi?"

"Kwenye ule mti wa kona. Ng'ombe hawafiki."

Safari alianza kazi wiki iliyofuata. Niliwaona wakipita kwenye ukungu, yeye na Bura, ovaroli mpya ya Safari ikiwa na mikunjo ya dukani. Nikachukua panga, nikakata tawi bichi, nikaenda nalo taratibu maana miguu bado inawaka. Paulina alikuwa mlangoni. Nililaza tawi. Kisha nikalivuka, nikaingia kwake, kwa sababu desturi haikatazi waliotengwa kukaa pamoja, hata moto wanapeana. Akaweka chai. Tulikunywa kikombe kimoja, yeye kwanza.

Maji ya chai ile yalitoka kwenye jiwe langu. Asubuhi nilikuta madumu mawili, yote yamefungwa kwa gunzi na kitambaa cha kijani. Nani ameyaweka sijauliza, lakini akina mama wenye sare ile hatukubaki wengi.

Akaniuliza kama inauma. Nikamwambia inauma, na kwamba inafika mahali inaacha.

Kwa hiyo na wewe ukifika Moshi siku ya dripu, usikae benchi la mlangoni, lina upepo. Pita hadi karibu na dirisha. Utamkuta mwanamke wa Daa, mrefu, kitambaa cha kijani, anaweza kuonekana mkali. Anaitwa Paulina. Kaa karibu naye, na umwambie umetumwa na mimi.